Tangazo limewafikia watu 50,000, viatu vimeuzwa pea 24: Yajue maneno ya masoko kabla hujalipa

Ripoti imeingia WhatsApp. Kurasa nane za rangi, mishale yote inaelekea juu. Watu 50,000 wamefikiwa. Impresheni 150,000. Laiki kama zote. Ukurasa wa mwisho kuna ankara: Sh600,000.

Mwenye duka la viatu Kariakoo anafungua daftari lake la mauzo. Kwa mwezi mzima, wateja waliokuja kwa sababu ya tangazo ni 24. Kila mmoja kanunua pea moja.

Je, kapigwa? Au ndiyo biashara inaanza kunoga?

Duka hili ni la mfano tu, lakini swali lake ni la wafanyabiashara wengi wanaolipia huduma za masoko. Jibu halimo kwenye ripoti. Linapatikana pale mwenye hela anapojua kila neno lililoandikwa mle linapima kitu gani, na halipimi kitu gani.

Haya ndiyo maneno yenyewe, moja baada ya jingine.

Masoko si matangazo peke yake

Wengi wakisikia masoko wanawaza bango, redio au posti ya kulipia Instagram. Hiyo ni robo tu ya kazi.

Mwaka 1960, mwalimu wa masoko wa Marekani, E. Jerome McCarthy, aliigawa kazi hii katika mambo manne ambayo mpaka leo yanafundishwa vyuoni kama P nne: bidhaa, bei, mahali na promosheni.

Bidhaa ni unachouza. Bei ni kiasi unachotoza na jinsi mteja anavyokilipa. Mahali ni pale mteja anapoipata, iwe fremu, genge au bodaboda inayomletea mlangoni. Promosheni ndiyo kelele: matangazo, ofa, kujitambulisha.

Fikiria sabuni ya unga inayouzwa kwenye vifuko vidogo vya kufulia mara moja. Aliyeamua kuifunga hivyo hakubadilisha tangazo. Alibadilisha kipimo na bei ili mtu anayeishi kwa hela ya siku naye aweze kununua. Huo ni uamuzi wa masoko.

Kwa hiyo kama viatu vyako vinabanduka soli baada ya wiki mbili, hakuna posti itakayokuokoa. Tangazo zuri litafanya watu wengi zaidi wajue haraka kwamba vinabanduka.

Mkakati ni nini hasa?

Hili ndilo neno linalouzwa ghali kuliko yote. Kwa lugha nyepesi, mkakati wa masoko ni uamuzi wa mambo matatu: unamuuzia nani, unamtatulia shida gani, na kwa nini achague kwako na si kwa jirani. Kuposti mara tatu kwa wiki si mkakati. Hiyo ni ratiba.

Mfano mzuri uko hapa hapa Afrika Mashariki. Kabla M-Pesa haijazinduliwa Kenya, ilifanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2005. Lengo la awali lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu.

Lakini wakati wa majaribio, watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe, ikiwemo kutumiana hela. Safaricom walipoizindua Machi 2007, hawakuitangaza kama huduma ya kurejesha mikopo. Ujumbe ulikuwa mmoja na mfupi: tuma pesa nyumbani.

Angalia walichofanya. Walitazama wateja wanafanya nini, wakachagua shida moja ambayo kila mtu mwenye mzazi kijijini anaijua, wakaisimamia hiyo. Matangazo yalikuja baada ya uamuzi.

Kampuni ya masoko ikikuletea andiko lisilojibu yale maswali matatu, imekuletea orodha ya kazi. Inaweza kuwa orodha nzuri, ila usiilipie bei ya mkakati.

Walengwa, nafasi na chapa

Maneno haya matatu huwa yanatembea pamoja.

Walengwa ni watu mahususi unaotaka kuwauzia. "Vijana wote wa Dar" si walengwa. "Wadada wanaofanya kazi maofisini Posta na wanahitaji kiatu cha kushinda nacho siku nzima" ni walengwa, kwa sababu unajua wapo wapi, wanapita saa ngapi na wanalalamikia nini.

Nafasi ni mahali unapotaka kukaa kichwani mwa mteja ukilinganishwa na wengine: wa bei rahisi, wa vitu imara, au wa mzigo mpya kila Ijumaa. Ukijitangaza kama vyote kwa pamoja, mteja hakumbuki hata kimoja.

Chapa, ambayo wengi huiita brandi, si nembo. Nembo ni mchoro. Chapa ni kile watu wanachotegemea wakisikia jina lako. Unaweza kulipia nembo leo ukaipata kesho, lakini chapa inajengwa na kila kiatu kinachotoka dukani na kila ujumbe unaojibiwa au kuachwa na tiki mbili za bluu.

Kutoka jichoni hadi mfukoni

Sasa turudi kwenye ile ripoti. Vipimo vyake vinaeleweka haraka ukivipanga kwa safari ya mteja, kuanzia jicho lake linapoona tangazo hadi mkono unapoingia mfukoni.

Ufikiaji ni idadi ya watu, au akaunti, walioonyeshwa tangazo. Kwenye mfano wetu ni 50,000.

Impresheni ni idadi ya mara tangazo lilipoonyeshwa. Mtu mmoja akionyeshwa mara tatu, hizo ni impresheni tatu. Ndiyo maana 150,000 si watu 150,000. Ni watu 50,000 kwa wastani wa mara tatu kila mmoja. Hapa ndipo wengi wanapochanganywa, maana namba kubwa ndiyo huwekwa juu.

Ushiriki ni laiki, komenti, kushea na kuhifadhi posti. Unaonyesha kwamba watu wamejali kidogo. Lakini anayekomenti "bei gani?" na anayekomenti moto wanahesabiwa sawa, wakati mmoja tu ndiye ana nia ya kununua.

CTR ni asilimia ya mara ambazo tangazo lilibofywa kati ya mara zote lilizoonyeshwa. Kama lilibofywa mara 1,500 kati ya impresheni 150,000, CTR ni asilimia 1.

Mteja mtarajiwa ni aliyejitokeza: katuma ujumbe, kapiga simu au kaacha namba. Tuseme walikuwa 120.

Konvasheni ni pale mtarajiwa anapofanya kile ulichotaka afanye, mara nyingi kununua. Kati ya 120, walionunua ni 24, yaani asilimia 20. Hapa uwe makini. Kwenye baadhi ya ripoti, hata kubofya kitufe cha WhatsApp kunahesabiwa konvasheni. Uliza mapema imehesabiwa nini.

Na usidhani namba zinazotoka kwenye mitandao mikubwa hazikosei. Mwaka 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imezidisha kipimo cha wastani wa muda wa kutazama video za watangazaji, kwa sababu hesabu iliwaacha nje waliotazama chini ya sekunde 3.

Funzo ni kwamba kadiri kipimo kinavyokuwa karibu na jicho, ndivyo ilivyo rahisi kukikuza. Kadiri kinavyokaribia mfuko, ndivyo unavyoweza kukihakiki mwenyewe kwenye daftari lako.

Hesabu inayoamua

Chukua kalamu. Vipimo viwili vifuatavyo ndivyo vinavyojibu kama mwenye duka kapigwa.

Cha kwanza ni gharama ya kumpata mteja. Gawanya hela yote uliyotumia kwa idadi ya wanunuzi. Sh600,000 kwa wateja 24 ni Sh25,000 kwa kila mteja. Tuseme faida kwenye pea moja, baada ya kutoa bei ya jumla na usafiri, ni Sh15,000. Maana yake kila mteja amekuja na hasara ya Sh10,000.

ROI, yaani faida ya uwekezaji, ndiyo hesabu hiyo kwa asilimia. Faida iliyoingia ni Sh360,000, iliyotoka ni Sh600,000. Pengo ni Sh240,000, sawa na hasara ya asilimia 40. Mpaka hapa, kapigwa.

Lakini kuna kipimo cha pili: thamani ya mteja kwa muda. Kama wale 24 watarudi mara mbili zaidi ndani ya mwaka, kila mmoja atakuwa amenunua pea tatu na kuacha faida ya Sh45,000. Jumla ni Sh1,080,000. Toa zile Sh600,000, zinabaki Sh480,000. Hasara ya asilimia 40 imegeuka faida ya asilimia 80.

Tangazo ni lile lile, ripoti ni ile ile. Kilichobadilisha kila kitu ni wateja kurudi, na hilo liko mikononi mwa duka: ubora wa kiatu, lugha ya muuzaji, namba za wateja zilizohifadhiwa na ujumbe unaotumwa mzigo mpya ukiingia.

Kwa hiyo kabla hujaongeza bajeti ya kutafuta wapya, angalia wa zamani wanaishia wapi.

Huduma utakazouziwa

SEO ni kazi ya kuifanya tovuti yako ionekane juu mtu anapotafuta kitu Google, bila kulipia tangazo. Huchukua miezi, si siku. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Anayekuahidi hivyo, muogope.

Malipo kwa mbofyo, au CPC kwenye ripoti, ni tangazo ambalo unatozwa mtu anapolibofya. Ukisitisha malipo, na wageni wanasita siku hiyo hiyo.

Influensa ni mtu mwenye wafuasi anayelipwa kukutaja. Usitazame idadi ya wafuasi tu. Tazama kama wanaokomenti ni wale walengwa wako na wanaishi unapoweza kuwafikishia mzigo.

SMS za jumla bado zina nguvu, hasa kwa wateja wasio na bando. Ila ukiletewa orodha ya namba za watu wasiokujua, simama kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tumia namba za wateja waliokubali wenyewe.

Ritena ni malipo ya kila mwezi kwa kampuni ya masoko, iwe kazi ni nyingi au kidogo. Hakikisha mkataba unataja kazi zenyewe, na kama hela ya kulipia matangazo imo ndani au iko pembeni.

Na vingine ni bure. Kufungua wasifu wa biashara kwenye Google ili duka lionekane kwenye ramani hakulipiwi, wala kupakua WhatsApp Business. Akikutoza, ujue unalipia kazi ya mikono yake, si huduma yenyewe.

Uliza haya kabla ya kusaini

1. Lengo ni lipi kwa namba, na litapimwa lini? Kwenye maandiko utaliona kama KPI. "Kukuza chapa" si namba. "Wanunuzi wapya 40 ndani ya miezi miwili" ni namba.

2. Ukurasa na akaunti ya matangazo ni ya nani? Zifunguliwe kwa jina na namba yako, wao uwape ruhusa ya kuzitumia. Vinginevyo siku mkigombana, wanaondoka na wafuasi wako wote.

3. Kati ya hela hii, ngapi inakwenda kwenye matangazo na ngapi ni ujira wenu? Omba risiti za mitandao yenyewe.

4. Tutajuaje mteja katoka wapi? Inaweza kuwa neno la punguzo analotaja akifika, au namba ya simu inayotumika kwenye tangazo tu.

5. Tukianza na hela ndogo kwa wiki mbili, tutajifunza nini? Anayejua kazi yake atakuwa na jibu.

Kampuni nzuri haitakasirikia maswali haya. Itafurahi, kwa sababu mteja anayeelewa vipimo hailaumu kwa laiki zilizopungua wakati mauzo yamepanda.

Na kwa upande wa duka, kipimo cha bei nafuu kuliko vyote hakihitaji mtaalamu. Weka daftari kaunta, na kila anayenunua aulizwe swali moja: "Umetujuaje?" Mwisho wa mwezi, ripoti ya rangi ikiingia WhatsApp, weka hilo daftari pembeni yake. Zikipishana, anza kuuliza.