MAMA, UNAWEZA KUACHA TUMBAKO
Mafundisho kwa wamama wa kliniki, Nyangwe



Siku ya kupima watoto tunaongea nawe juu ya chanjo, uji, maji safi na chandarua. Leo tunataka kuongea juu ya kitu ambacho wamama wengi hawakitaji mbele ya munganga. Kitu hicho ni tumbako.

Wengine wanavuta sigara. Wengine wanavuta kiko, hasa wamama wazee. Wengine wananusa ugoro, ao wanaweka tumbako mdomoni ili kutuliza jino. Na wengine hawagusi tumbako hata kidogo, lakini bwana anavuta ndani ya nyumba, na moshi wake unalala pamoja na watoto.

Hatuandiki ili kukuaibisha. Tunataka ujue mambo matatu: tumbako inafanya nini mwilini, kwa nini ni vigumu kuiacha, na ni msaada gani unaweza kuupata hapa kwetu.

TUMBAKO INAFANYA NINI?

Watu wengine wanasema: «Tumbako ni desturi ya wazee wetu.» Lakini mmea huu ulitoka Amerika. Wazungu waliuleta Afrika kwa merikebu zaidi ya miaka 400 iliyopita, kisha ukapita kutoka soko hata soko mpaka bara. Kumbe ni mgeni, na mgeni anaweza kuambiwa aende.

Ndani ya moshi wa tumbako mna vitu zaidi ya 7,000. Karibu 70 kati ya hivyo vinaleta kansa. Shirika la Afya Duniani, tunaloliita OMS, linasema tumbako inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani. Zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe. Walipumua tu moshi wa wengine.

Kwa mtoto aliye tumboni: Moshi unaingiza hewa mbaya katika damu ya mama, na hewa hiyo inachukua nafasi ya hewa nzuri. Tena tumbako inabana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Ni kama mtoto anabanwa pumzi na chakula pamoja. Kwa hiyo anaweza kuzaliwa mdogo, ao kuzaliwa mbele ya wakati, ao kufia tumboni.

Kwa mtoto mchanga: Mtoto anayekaa katika moshi wa tumbako anapata mara nyingi homa ya mapafu, pumu na ugonjwa wa masikio. Tena hatari ya kufa ghafula usingizini inaongezeka. Kufungua dirisha hakutoshi. Moshi unabaki ndani ya nyumba, ndani ya blanketi na ndani ya nguo za mvutaji.

Kwa mama na baba: Tumbako inaleta kansa ya mapafu, ya mdomo na ya koo, ugonjwa wa moyo na kupooza. Tena inasaidia kifua kikuu kushika mtu na kumuua. Ukikohoa majuma mawili, ukiwa mvutaji ao hapana, usiseme «ni kikohozi cha tumbako». Njoo upimwe makohozi. Dawa ya kifua kikuu inatolewa bure.

Na ugoro je? Hauna moshi, lakini una sumu. Tumbako ya kutafuna inaleta kansa ya mdomo, nayo pia inamzuru mtoto aliye tumboni. Juu ya jino linalouma, tumbako inaficha maumivu tu. Uozo unaendelea chini. Jino bovu linataka kutibiwa ao kung'olewa.

Angalia tena: mtoto mdogo akila kipande cha sigara ao jani la tumbako, anaweza kutapika, kutetemeka na kushikwa na degedege. Usimpe mafuta ya mawese ili atapike. Mkimbize kituo cha afya. Na wewe mwenye mimba, usivune majani ya tumbako yenye umande. Sumu inapita katika ngozi ya mikono na kuleta kizunguzungu na kutapika.

KWA NINI NI VIGUMU KUIACHA?

Katika tumbako mna kitu kinachoitwa nikotini. Ukivuta, nikotini inafika kichwani kwa muda wa sekunde kumi hivi. Unasikia utulivu kidogo. Kisha inapungua, na mwili unaanza kudai tena. Unadhani sigara imekutuliza, lakini fujo ile ililetwa na sigara ya kwanza. Ni sawa na mtu anayekopa kila asubuhi ili kulipa deni la jana.

Kwa sababu hiyo, mtu asiyeweza kuacha tumbako si mtu mwovu, wala si mtu asiye na akili. Ameshikwa. OMS inahesabu kushikwa huku kuwa ugonjwa unaotibika.

Siku za kwanza za kuacha utasikia hasira za bure, usingizi mbaya, kichwa kuuma, njaa nyingi na huzuni. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu zaidi. Halafu inapungua pole pole, na kwa watu wengi inaisha kati ya juma la pili na la nne. Mambo haya yanasumbua, lakini hayaui. Mwenye mimba pia anaweza kuacha ghafula, wala mtoto hapati hatari kwa sababu hiyo.

NI NANI ATAKUSAIDIA?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu anayeacha peke yake anaanguka upesi kuliko anayeshikwa mkono.

1. Munganga ao muuguzi wa kliniki. Mwambie waziwazi: «Mimi ninavuta, nataka kuacha.» Atakuuliza unavuta mara ngapi, na saa gani ya kwanza asubuhi. Anayevuta mara tu anapoamka ameshikwa zaidi, naye anataka msaada zaidi. Mazungumzo ya dakika tatu tu na munganga yanamwongezea mtu nguvu ya kuacha. Kisha atakupangia siku ya kurudi. Usikose kurudi, hata kama umeshindwa.

2. Mtu mmoja wa nyumbani. Chagua dada, mama mkwe ao jirani. Mwambie siku yako ya kuacha. Kazi yake ni kukuuliza kila jioni: «Leo ilikuwa namna gani?» Na kukusikiliza bila kugombeza.

3. Wamama wenzako. Soko la Nyangwe ni la zamani. Livingstone alipolifikia mwaka 1871 alilikuta limejaa wanawake wanaouza samaki, mafuta na vyakula. Tangu zamani, basi, wamama wa Lualaba wanajua kukutana na kupashana habari. Wawili ao watatu wakiacha pamoja, mmoja akilegea, wengine wanamsimamisha. Mwombeni relè wa kijiji awatembelee.

4. Watu wa dini yako. Waislamu wa Nyangwe na Kasongo wanajua kwamba mwezi wa Ramadhani mvutaji anakaa toka alfajiri mpaka magaribi bila tumbako. Aliyeweza mchana wote amekwisha pita nusu ya njia. Inabaki asiwashe sigara baada ya kufuturu. Kwa upande wa Wakristo, makanisa mengi yanakataza tumbako, na kwa hiyo mvutaji anajificha. Lakini anayejificha hana wa kumsaidia. Wazee wa kanisa, mtembeleeni mtu huyo mbele ya kumhukumu.

DAWA ZIKO?

Ndiyo, ziko. Ziko plasta za kubandika kwenye ngozi, na ubani wa kutafuna, vyenye nikotini kidogo bila moshi. Vinapunguza hamu wakati mwili unazoea. OMS iliviandika katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009. Mwaka 2021 iliongeza vidonge vya aina mbili, bupropioni na vareniklini. Na mwezi wa Julai 2024 OMS ilitoa mwongozo kwa waganga wa dunia yote, kwamba dawa hizi na mazungumzo vikienda pamoja, watu wengi zaidi wanafaulu.

Tuseme ukweli: mbali na miji mikubwa dawa hizi zinapatikana kwa shida, tena ni ghali. Usiuze mbuzi wako kwa ajili yake. Watu wengi sana duniani wameacha bila kidonge. Ukisikia kwamba ziko mahali fulani, uliza munganga kwanza, kwa sababu si kila dawa inafaa kila mtu. Bupropioni ni hatari kwa mwenye kifafa. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asimeze hata moja bila daktari kumwambia. Kwake yeye dawa ya kwanza ni mazungumzo na msaada wa watu.

Jihadhari na wadanganyifu. Hakuna sindano wala serumu ya «kuosha damu» inayoondoa tumbako. Usinunue vidonge vya kumwaga vya sokoni.

NAMNA YA KUANZA

Kwanza, chagua siku, isipite juma mbili. Usichague siku ya matanga wala ya arusi.

Pili, usiku wa mbele yake, toa nyumbani kiko, kiberiti cha mfukoni na majani yote. Usiweke «moja ya akiba».

Tatu, jua saa zako mbaya. Wengi wanataka tumbako baada ya kula, wakati wa kupika, ao wakati wa hasira. Saa hiyo hamu ikija, inadumu dakika chache tu. Kunywa maji pole pole. Tafuna karanga, muwa ao tangawizi. Ondoka mahali ulipo, chukua jembe ao ndoo. Ukimaliza kuteka maji, hamu imepita.

Nne, kaa mbali na pombe majuma ya kwanza. Wengi waliorudi nyuma walirudi wakiwa na kikombe mkononi.

Tano, hesabu feza. Anayevuta sigara tano kwa siku anachoma 150 kwa mwezi, na 1,825 kwa mwaka. Weka bei yake ndani ya kopo kila jioni. Mwisho wa mwezi fungua kopo mbele ya watoto, ununue chumvi, sabuni ao daftari.

UKIRUDI NYUMA

Usiseme: «Basi, imeharibika yote.» Watu wengi wanajaribu mara kadhaa mbele ya kuacha kabisa. Mtoto anayejifunza kutembea anaanguka, wala hatumwambii akae chini siku zote. Jiulize: nilianguka saa gani, na nani alikuwa karibu? Kisha chagua siku nyingine, njoo tuongee. Na kama huzuni inakuwa nzito, hata hutaki kula wala kuangalia mtoto, usingoje siku ya kliniki. Njoo siku ileile.

KAMA NI BABA ANAYEVUTA

Mama mmoja anaweza kuuliza: «Mimi sivuti, ni bwana. Nitamwambia namna gani bila vita?» Usiongee mbele ya wageni, wala wakati ana hasira. Ngoja amekula, ametulia. Sema: «Baba ya watoto, munganga amesema moshi unaingia kifuani mwa mutoto. Naomba uvutie inje, mbali na mulango. Na siku utataka kuacha, mimi niko pamoja na weye.» Ombi la kuvutia inje ni dogo, na baba anayempenda mtoto wake si rahisi alikatae. Kutoka pale utaongea naye juu ya kuacha kabisa. Ukiweza, njoo naye kliniki.

Na nkambo anayevuta kiko huku amebeba mtoto? Mheshimu, lakini usinyamaze. Mwambie: «Nkambo, nipe mutoto mpaka umalize kiko.» Atafahamu.

FAIDA YAKE

Baada ya dakika 20 moyo unaanza kupiga vizuri zaidi. Baada ya saa 12 ile hewa mbaya imepungua katika damu. Miezi michache, kikohozi na kuhema vinapungua. Mwaka mmoja, hatari ya tumbako kwa moyo inakuwa nusu. Miaka kumi, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu inakuwa karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta. Waganga wa Uingereza waliowafuata wenzao wavutaji kwa miaka 50 waliona kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 hivi aliongeza karibu miaka 10 ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliongeza karibu 3. Kwa hiyo hata nkambo hajachelewa.

Na wewe mwenye mimba, kila siku bila tumbako mtoto wako anapata damu bora zaidi. Kuacha mwanzoni mwa mimba ni bora sana, lakini kuacha mwezi wa saba ni bora kuliko kutoacha.

MASWALI YA KUONGEA PAMOJA

1. Katika nyumba yetu, moshi wa tumbako unatoka wapi?
2. Ni mtu gani mmoja ninayeweza kumwambia siku yangu ya kuacha?
3. Saa gani hamu inanishika, na nitafanya nini saa hiyo?
4. Sisi wa kijiji tutamsaidia namna gani mama aliyerudi nyuma?

Peleka karatasi hii nyumbani. Kama hujui kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee jioni, baba akiwa karibu. Siku ya kliniki inayokuja, tuambie mmefika wapi.