Njia ya Miguu Ukingoni mwa Mto, na Idhini Zake

Mtu akisikia kwamba halmashauri ya mji inataka kutengeneza njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli kandokando ya mto, yenye miti ya vivuli na viti vya kupumzikia, huona kuwa hilo ni jambo la kheri tupu; na akiambiwa kwamba njia hiyo nayo yapasa kutazamwa athari zake kwa mazingira kabla ya jembe la kwanza kupigwa, hustaajabu, akauliza ni madhara gani yawezayo kuletwa na njia isiyopita hata gari moja. Swali hilo ni la haki. Mimi, ambaye kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuziandika na kuzisoma tathmini za namna hiyo, nitalijibu kwa kuanza na maji, kisha ndipo nije kwenye vifungu vya sheria, kwa kuwa sheria yenyewe iliyafuata maji.

Tuuchukue Mto Msimbazi, ambao wakazi wa Dar es Salaam hawana haja ya kuelezwa. Huanzia katika vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, ukateremka takriban kilomita 35, ukapita Jangwani chini ya Barabara ya Morogoro, hata ukamwaga maji yake baharini penye mikoko, karibu na Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi mahali pengi mtu huuvuka kwa kukunja suruali tu. Ama mvua kubwa zikinyesha, bonde zima la Jangwani ndilo huwa mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40 katika mji huo, na wengi waliosalimika wakahamishiwa Mabwepande. Hata leo, ukipita mabondeni baada ya mvua za siku mbili tatu, utaona katika kuta za nyumba mstari wa tope ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, na matambara yamenaswa katika matawi yaliyo juu ya kichwa cha mtu mzima.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba pameazimiwa kujengwa njia ya kilomita nne katika ukingo huo. Mhandisi, kwa nia yake njema ya kutotaka watembeao wakanyage matope, huinua tuta la nusu mita, akalitandika zege juu. Nusu mita si kitu machoni. Walakini tuta la kimo hicho lenye kuufuata mto kwa kilomita nne limekwisha kuwa ukuta, na mto ukijaa, ukanyimwa nafasi ya kutanuka upande uliouzoea, hapana budi utakwenda ng'ambo ya pili kwa watu ambao hawakuulizwa neno, hali maji ya mvua yashukayo kutoka mitaani yatasimama nyuma ya tuta hilo, yakaingia majumbani kwa mlango wa uani. Dawa yake ni nyepesi: njia ilale sawasawa na ardhi, ikubali kuzama siku chache za mwaka, na kila mahali maji yanapokatiza pawekwe kalvati pana. Likiwa bado lipo katika karatasi, shauri hilo hugharimu saa moja ya mchoraji; likiisha kuwa zege, hugharimu mamilioni, na aghalabu halifanyiki kabisa.

Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuweza kudhuru kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini, ikampa Waziri mamlaka ya kuweka miongozo kwa shughuli zinazoweza kustahimilika humo. Njia yetu karibu yote imo ndani ya mita hizo. Kwa hiyo mwenye mradi huupeleka kwanza kwa NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lililoanzishwa kwa sheria ya 1983, ili usajiliwe na kuchujwa, ijulikane kama wahitaji tathmini kamili au uchunguzi mfupi. Hufuata hadidu za rejea, uchunguzi wenyewe, na mapitio ya kamati ya wataalamu, ndipo cheti kitolewe. Wala cheti hicho hakifungui kila mlango: Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina neno lake chini ya sheria ya maji ya 2009, na penye mikoko Wakala wa Huduma za Misitu una lake.

Katika hatua zote hizo, niionayo kuwa na thamani kupita nyingine ni ile ya kuwasikiliza watu, nayo ndiyo ifanywayo kwa pupa. Pembezoni mwa Msimbazi wako wakulima wa mchicha na matembele, ambao matuta yao ni ya hatua chache tu kwa upana. Njia ya mita nne ikipita hapo, mtu hupoteza shamba lake lote, na kwa kuwa aghalabu hana hati, jina lake halitokei katika daftari la fidia isipokuwa mtathmini ameshuka mwenyewe mpaka mtoni, alfajiri, wakati wao wanapomwagilia. Nimepata kuona, katika ofisi ya kata moja, tangazo la mkutano lililobandikwa kwa Kiingereza kitupu, hali kanuni zinataka muhtasari wa ripoti uwepo kwa Kiswahili pia, katika maneno ambayo mtu hahitaji elimu ya uhandisi kuyafahamu. Mkutano ule ulihudhuriwa na wenye viti vya mbele peke yao. Hasara haikuwa ya wakulima tu, kwa sababu wao ndio waliojua ni wapi mto hurudi kila mwaka, na habari hiyo haikuwamo katika ramani yoyote niliyopewa.

Wako wasemao kwamba taratibu hizi huchelewesha mema, nao hawakukosa ushahidi. Katika mji wa Seattle, Marekani, njia mashuhuri iitwayo Burke-Gilman, iliyofunguliwa 1978 juu ya reli ya zamani, ina pengo la kilomita mbili na kitu katika mtaa wa Ballard, lililobishaniwa kwa zaidi ya miongo miwili kati ya waendesha baiskeli na wenye viwanda, ambao malori yao hukatiza hapo. Tathmini kamili ilitoka Mei 2017, nayo ikapelekwa mahakamani. Rai yangu ni kwamba huko mahali pa kupitia palipendelewa mapema mno, na tathmini ikaja nyuma. Na tathmini ijayo baada ya nyoyo kukwisha kufunga shauri, kila upande huitumia kama silaha.

Kwa Msimbazi, basi, ningeomba watathmini waitwe wakati mstari ungali wa penseli, watembee ukingo wote mara moja katika kiangazi na mara moja katika masika. Kisha katika masharti ya cheti iandikwe kwa wazi ni idara gani itakayoyazibua makalvati kila Februari, kabla ya mvua kubwa, na fedha za makoleo na vibarua zitatoka fungu gani.