Diski Ngumu Nayo Hupumua

Je, wajua kwamba diski ngumu ya kompyuta hupumua? Nyingi zina kitundu kidogo mgongoni, pamoja na onyo kwamba kisizibwe. Nyuma yake kuna chujio, na hapo ndipo hewa hupita kadiri joto na mgandamizo vinavyobadilika. Bila hewa hiyo diski haifanyi kazi, maana vichwa vya kusomea huelea juu ya utando wa hewa unaoburutwa na sahani zinazozunguka. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huweka kikomo cha mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kampala, iliyo kwenye mita kama 1,200, haina neno. Kuiwasha diski kwenye kilele cha Margherita, Rwenzori, mita 5,109, ni kuitafutia balaa.

Sahani zenyewe ni za aluminiamu au kioo, zimepakwa utando wa sumaku. Katika diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na ukingo wake hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kasi ya bodaboda aliyekuta barabara ya Northern Bypass ya Kampala ni nyeupe. Kichwa hupita juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kompyuta ikianguka ikiwa imewashwa, kichwa huweza kukwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakuna fundi wa kukirudisha.

Vipi umeme unapokatika ghafla? Hapo sahani, kwa kuwa bado zinazunguka, huifanya mota igeuke jenereta, na umeme kidogo unaopatikana huvirudisha vichwa mahali pake pa kuegeshwa. Mara nyingi kinachoharibika ni kile kilichokuwa kikiandikwa dakika ile, pengine orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Diski ni nzima, ila imesahau vitu vyake ilikoviweka.

Ugonjwa wa diski yenyewe una dalili zake: faili inachukua dakika nzima kufunguka, kompyuta inaganda, au unasikia mlio wa tik, tik, tik. Ukisikia mlio huo, zima. Vichwa vinatafuta njia na havioni, na kila mzunguko unaweza kuongeza mikwaruzo. Usiifungue, kwa sababu vumbi la mezani linatosha kuimaliza. Wala usiitie kwenye friza kama wengine wanavyoshauri, kwani ikitoka humo unyevu hutanda juu ya sahani. Hiyo ni kazi ya maabara yenye hewa iliyochujwa.

Diski ambayo bado inatambulika lakini inasoma kwa taabu inaweza kuhudumiwa nyumbani, mradi usianze kwa kuikarabati. Amri kama CHKDSK ya Windows huandika juu ya diski ileile inayougua. Nakili kwanza. Ichomoe, iunganishe na kompyuta yenye Linux, utafute diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, kisha utumie GNU ddrescue, programu ya bure iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Huchota kwanza sehemu zinazosomeka bila shida na kuziruka zenye kasoro, halafu hurudi kuzikwangua hizo sekta kwa sekta. Mahali ilipofika hupaandika kwenye faili ya ramani. Umeme ukikatika saa nane za usiku, ukirudi unaiamuru iendelee pale ilipoachia.

Baada ya hapo fanyia kazi nakala tu. Orodha ya faili ikiwa imepotea, programu ya PhotoRec ya Christophe Grenier huzitambua picha kwa alama zake: kila JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Majina hayarudi. Picha za harusi zitakuja zikiitwa f0204816.jpg na mfano wake, na kazi ya kuzipanga ni yako.

Picha za filamu ni habari nyingine. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la UBC jijini Kampala, kabati lilikutwa na makumi ya maelfu ya negativu za picha, nyingi za enzi za Idi Amin. Zilikuwa zimelala miongo kadhaa, na mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa Makumbusho ya Uganda. Filamu huvumilia kusahauliwa hivyo. Diski ngumu haikutengenezwa kwa uvumilivu huo, kwa hiyo nakala ya pili ifanywe wakati ya kwanza bado inasomeka.