Breki ya Asili ya Ubongo Mchanga Dhidi ya Degedege la Dawa

Mtoto aliyemeza vidonge vingi vya isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huweza kupata degedege lisilokoma. Isoniazidi iliyozidi huunyima ubongo vitamini B6, ambayo bila hiyo hauwezi kutengeneza GABA, kemikali inayotuliza seli za neva. Tiba yake mahususi ni vitamini hiyohiyo, pairidoksini, kwa njia ya mshipa. Mzazi anayekimbilia hospitali aichukue na pakiti ya dawa iliyomezwa.

Maabara huigiza hali iliyo karibu na hiyo kwa kuwadunga panya wachanga pentetrazoli, dawa inayovizuia vipokezi vya GABA aina ya A. Muda mfupi baadaye panya hutetemeka na kukakamaa. Akitangulia kupewa alopregnanoloni, degedege kali hupungua au halitokei kabisa. Kemikali hii si ngeni mwilini: ubongo wenyewe huitengeneza kutokana na projesteroni, na kundi lake huitwa nyurosteroidi. Hujishikiza kwenye kipokezi kilekile cha GABA, lakini si mahali inaposhika diazepamu, na kuufanya mlango wa kloridi ubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Katika ubongo uliopevuka, kloridi ikiingia, seli hutulia.

Kwa nini basi watafiti wasitumie panya wazima, ambao ni rahisi zaidi kuwachunguza? Kwa sababu seli za ubongo mchanga mno huwa na kloridi nyingi ndani. Mlango ukifunguka, kloridi huweza kutoka badala ya kuingia, na GABA ikachochea pale ilipotarajiwa kutuliza. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini fenobabitali hushindwa kwa baadhi ya watoto wachanga. Kwa maoni yangu, dawa ya degedege ambayo haijapimwa katika ubongo unaokua haijapimwa vya kutosha.

Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha ganaksoloni, iliyobuniwa kwa kuigiza alopregnanoloni, kwa degedege la watoto wenye hitilafu ya jeni ya CDKL5, kuanzia umri wa miaka 2. Haikuidhinishwa kwa watoto wachanga wala kwa sumu ya dawa. Wapo watakaouliza kama vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kufanya kazi hiyo. Haviwezi: projestini za viwandani zilizomo kwa kawaida hazigeuki kuwa alopregnanoloni.