Lau Gongoni ingebaki chini ya bendera nyekundu

Barazani hapa Gongoni mazungumzo hayachelewi kufika kwenye "lau". Lau Mwambao ungepata serikali yake mwaka 1963, chumvi hii ingekuwa ya nani? Anayeuliza hivyo ameshaanza hadithi ya historia mbadala, hata kama hajashika kalamu. Katika hadithi za aina hii mwandishi huchukua tukio la kweli, hugeuza jambo moja tu, kisha huyafuata yatakayotokea.

Tuanze na yaliyotokea. Kwa mkataba wa 1895, Uingereza iliutawala Mwambao, ukanda wa maili 10 kutoka Kipini hadi Vanga, kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, ikimlipa kodi kila mwaka. Gongoni imo humo. Uhuru ulipokaribia, wapo waliotaka Mwambao ujitenge. Ronald Ngala na KADU yake walitaka majimbo ndani ya Kenya. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana ukanda uingie Kenya, na mahakama za kadhi na hatimiliki za ardhi zilindwe.

Sasa geuza: Shamte akatae. Mwandishi mvivu atarukia leo, bandari ya Mombasa inameremeta na kila mtu ameshiba. Mimi kitabu kama hicho hukifunga mapema. Ukiigeuza Oktoba, Januari bado yaja. Zanzibar ilipata uhuru Disemba 10, na Januari 12, 1964 mapinduzi yakamng'oa Sultani Jamshid. Alipokimbia kwa meli, Kenya ilimkatalia kushuka Mombasa. Katika hadithi yako Mombasa ni yake bado. Je, atashuka? Askari wa Malindi watamtii nani asubuhi ile? Hapo pana riwaya nzima.

Halafu kuna ardhi, na hapo ndipo wengi huteleza. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilitaka kila mwenye kudai ardhi ya ukanda huu aiandikishe; isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wagiriama wengi walilima bila karatasi. Kwa hiyo ahadi ya 1963 iliwalinda waliokuwa nazo. Bendera nyekundu ingempa mama wa Kigiriama karatasi yake? Sidhani, kwani waliokuwa wakiipigania bendera ile, wengi wao walikuwa na watu wenye mashamba upande wao. Lakini mwandishi ana ruhusa ya kunipinga, mradi aonyeshe ni nani angemwandikia, na kwa sababu gani.

Nikisoma hadithi ya "lau", humtafuta kwanza aliyepoteza. Nikimkosa, najua nimesoma dua ya mwandishi, si tarikhi.

Anayetaka kujaribu asianze na vitabu. Waliokuwa vijana mwaka 1963 sasa wamepita miaka 80, na wangali wako majumbani. Mwendee babu au nyanya yako, umuulize bendera ya Sultani iliposhushwa alikuwa akilima shamba la nani.