Watu Kwanza, Madumu Baadaye

Kwetu Mwamgongo barabara ni Ziwa Tanganyika. Kusini tumepakana na Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na nyuma ya nyumba zetu milima imepanda wima. Kwa hiyo mgonjwa, mwanafunzi, mwalimu na mchuuzi wa dagaa wote wanategemea boti za abiria zinazokwenda mwalo wa Kibirizi, Kigoma mjini. Wakazi wa Dar es Salaam wanapobishania nafasi ya waenda kwa miguu, bodaboda na mabasi ya mwendokasi, nasi tunabishania hilohilo, ila sisi tuko juu ya mbao.

Ndani ya boti nafasi hazilingani. Ukikaa mbele utalowa, ukikaa nyuma utavuta moshi wa injini. Pazuri ni katikati, penye kivuli cha turubai na pasiporushwa sana na mawimbi, na hapo ndipo magunia ya unga, kreti za soda na madumu ya mawese hutangulia kupangwa. Abiria hujazia palipobaki. Kijana hurukia popote. Bibi huketi pembeni kabisa, mkono mmoja umeng'ang'ania ubao.

Kupanda kwenyewe ni kazi. Boti husimama penye maji ya magotini. Nimemwona mama mjamzito amekunja kitenge hadi mapajani, vijana wawili wanamvuta mikono kutoka juu, na ukingo wa boti unamkandamiza tumbo. Anayetembelea magongo hubebwa mgongoni, kisha humlipa aliyembeba. Nauli ni ileile, safari ni ileile, lakini mlemavu analipa mara mbili. Jambo hili linaniuma, kwa sababu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010.

Meli kubwa peke yake si jibu. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kaskazini yetu, MV Liemba ilikuja kuwachukua, lakini ilibidi isimame mbali na ufuko, na watu wakapelekwa kwa boti ndogo. Hatua zile chache kati ya mchanga na chombo ndizo zinazowashinda wanyonge.

Kugawana nafasi vizuri ni usalama pia. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 walikufa. Mzigo ukikaa chini na uzito ukagawanywa pande zote, chombo hutulia.

Naiomba serikali ya kijiji na wenye boti tukubaliane: wazee, wajawazito, wagonjwa na walemavu wapande kwanza, viti vya katikati viwe vyao, mizigo ifuate. Na kila boti ibebe ngazi pana yenye vishikio. Mbao zipo, na mafundi wanaotuundia mitumbwi tunao hapahapa kijijini.