Mchoro Uliokataliwa Mara Mbili

Mwaka 1991 wenye mchoro walibisha hodi kwenye Jumba la Makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam, wakarudi mikono mitupu. Walileta mandhari ya jioni: mialoni mifupi iliyopinda, ngano bondeni, magofu juu ya kilima. Sahihi haikuwepo. Wataalamu wakasema si kazi ya Vincent van Gogh.

Mchoro huo ulikuwa umeshazoea kukataliwa. Christian Nicolai Mustad, mwenye viwanda wa Norway, aliununua mwaka 1908. Husimuliwa kwamba balozi wa Ufaransa nchini Sweden aliutazama akasema ni bandia, na tajiri, kwa kuona haya, akaupandisha darini. Mustad alifariki mwaka 1970.

Mwaka 2011 makumbusho yaleyale yalikubali kuuangalia upya. Watafiti wake Louis van Tilborgh na Teio Meedendorp waliuchunguza kwa miaka miwili, na ushahidi wenye uzito kuliko wote ukatoka kwa mchoraji mwenyewe. Tarehe 5 Julai 1888, akiwa Arles, Van Gogh alimwandikia mdogo wake Theo kuhusu machweo ya jana yake, akataja mialoni, ngano na magofu. Barua hiyo ilikuwa imeshachapishwa miaka mingi, ila wasomi waliihusisha na mchoro mwingine wa majabali, ulioko Houston, Marekani. Kasoro ni kwamba mchoro wa Houston hauna magofu! Huu unayo, na ni ya abasia ya Montmajour, nje kidogo ya Arles.

Kisha wakageuza turubai. Nyuma yake palikuwa na nambari 180. Katika orodha ya michoro ya Theo iliyoandikwa mwaka 1890, nambari hiyo ni ya machweo ya Arles.

Maabara nayo haikupinga. Rangi zililingana na zile alizotumia Van Gogh akiwa Arles, na turubai ilikuwa ya aina ileile ya mchoro wa Houston.

Ajabu ni jinsi sahihi ilivyopewa uzito mwanzoni. Van Gogh aliacha michoro mingi bila kuitia sahihi, na kwa mghushi hakuna kitu chepesi kuliko kuandika jina pembeni. Nambari ya orodha ya familia ni ngumu zaidi kuibuni.

Tarehe 9 Septemba 2013 mkurugenzi wa makumbusho hayo, Axel Rüger, aliutangaza ulimwenguni kwa jina la Machweo Montmajour, mchoro wa kwanza wa ukubwa kamili wa Van Gogh kugunduliwa tangu 1928. Una sentimita 93.3 kwa 73.3.

Watafiti hawakuupamba kupita kiasi. Walieleza kwamba Van Gogh alikuwa akijaribu kupaka rangi nzito zaidi, na baadhi ya sehemu hazikumtii. Yeye mwenyewe alishamwambia Theo katika barua ileile kwamba kazi hiyo ilikuwa chini sana ya alivyokusudia.